Samadi ya Bwawa la Mama

Serikali iliponipunguza kazi ya ubwana mifugo, nilifungua duka la dawa za mifugo mjini Kilosa. Zamani dawa zilikuwa mikononi mwetu na sindano tulichoma sisi. Sasa soko lilikuwa huria: mwenye duka aliuza alichotaka, mwenye ng'ombe alichoma mwenyewe. Mimi nilikuwa miongoni mwa waliofurahi.

Mteja wangu mkubwa alikuwa mzee mmoja mfugaji aliyehamia Masanze na familia yake kutoka kanda ya ziwa. Boma lake lilipakana na shamba la mama yangu. Mama, aliyekuwa mjane, alikuwa na bwawa la perege, na alikuwa amefundishwa kutia samadi ili maji yawe ya kijani na samaki wapate chakula. Mzee alimpa samadi bure, mama akampelekea mchicha na ndizi. Walipatana kuliko majirani wengi wa kuzaliwa palepale.

Masika moja minyoo ilidhoofisha ng'ombe wake, akaja dukani.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, daktari. Nipe sindano ya kumaliza hii minyoo."

Nilimpa chupa mbili, nikamwonyesha kipimo na namna ya kuchoma chini ya ngozi. Karatasi iliyokuwa ndani ya boksi ilikuwa ya Kiingereza. Mimi niliisoma. Ilisema dawa hutoka na mavi ya mnyama, na isiachwe ifike kwenye maji kwa sababu huua samaki na viumbe wengine wa majini. Sikumweleza. Niliona maneno hayo yameandikiwa watu wa huko dawa ilikotoka.

Wiki ile mama alitia bwawani samadi mbichi, ndoo baada ya ndoo. Siku chache baadaye perege wakaanza kuelea ubavu. Nilipofika, alikuwa amewapanga juu ya majani ya mgomba, wakubwa kwa wadogo.

"Wewe umesomea wanyama," aliniambia. "Hawa wamekufa na nini?"

"Labda hewa imepungua majini, mama."

Majirani hawakutaka habari za hewa. Walisema yule mgeni ametia sumu kwenye samadi ili mama akate tamaa, amwachie shamba la kulishia. Mkutano ukaitwa kwenye ofisi ya kijiji. Mwenyekiti aliniomba nizungumze kama mtaalamu. Mzee alinitazama kwa utulivu, kama mtu anayejua kwamba sasa jambo litakwisha.

Nilisimama nikasema, "Bila vipimo siwezi kujua."

Mzee akapewa wiki moja awe ameondoa mifugo yake. Mama peke yake ndiye aliyepinga, na hakusikilizwa.

Kabla ya kuhama, mzee alipita dukani. Aliweka mezani chupa iliyobaki nusu.

"Daktari, nimefikiri sana. Kitu kipya nilichowapa ng'ombe ni hiki tu. Kama ndicho, usiwauzie wengine kabla hujawaambia."

"Nimesikia, mzee."

Niliendelea kuuza. Karatasi nilizitoa kwenye maboksi nikawashia moto wa chai.

Miaka ilipita ndipo nikamweleza mama. Tulikuwa tunapukuchua mahindi barazani. Alisikiliza mpaka mwisho, mikono yake haikusimama.

"Uliyajua siku ya mkutano?"

"Niliyajua."

"Na mimi nikakupikia siku ile."

 Kesho yake nilipanda gari kwenda Mikumi, kisha Malolo, nikiuliza habari za yule mzee. Mfugaji mmoja aliniambia alikuwa ameshafukuzwa huko pia, na kwamba alikotoka alisingiziwa kuua samaki wa mama mmoja mjane. Akaniuliza mimi ni nani kwake. Nikamjibu kwamba nilikuwa mteja wake wa maziwa.