Ghalia binti Hamdun na Mkono wa Mwanawe

Ghalia binti Hamdun bin Musallam. Babu yake Musallam alicheza hoki Mnazi Mmoja, Unguja, akamvunja Mzungu meno ya mbele na mchezo ukaendelea. Baba yake Hamdun alirudi Oman na magongo badala ya nguo, akaanzisha timu ya Falaji hapa Ibra, kwenye uwanja wa kokoto, na uwanja huo ukamla goti moja. Ghalia mwenyewe, toka mwari mpaka leo ana mvi, ndiye anayeshona vichwa vya timu hiyo uani kwake, bila ganzi. Anayelia humwambia, "Nyamaza, babu yako alishonwa kwa uzi wa gunia."

Wachezaji wetu si wa kulipwa khasa, wala si wa bure. Siku za kazi wako maofisini, Ijumaa wanapokea posho, na posho hufuata ushindi. Ndiyo maana wanaumizana. Hud, mwanawe Ghalia, alikuwa mpigaji wao mkubwa, na timu moja ya Maskati ilikwishamtaka kwa mshahara kamili.

Mwaka jana ikaja timu ya Burji, kutoka upande wa Nizwa. Mchezo ulikuwa wa damu toka mwanzo. Karibu na mwisho kijana wao, Aws, alizungusha gongo likampata Asaad, mtoto wa dada yake Ghalia, jichoni. Jicho lilipasuka. Nililiona baadaye, na sitaki kulieleza.

Uwanja ukageuka machinjio. Magongo yalishuka juu ya mbavu, taya, na migongo ya waliokwisha anguka. Refa alijifungia garini. Aws aliona hafiki kwenye basi lao, akaruka ukuta wa kwanza aliouona, akaangukia uani kwa Ghalia, kichwa kimepasuka, nasi wanawake tunatwanga bizari. Akashika pindo la nguo ya Ghalia.

"Dakhilish, mama. Nimeingia kwako."

Kwetu neno hilo likisemwa limekwisha. Aliyekimbilia nyumba yako ni amana, hata awe ameua.

Ghalia alimkalisha, akatia uzi sindanoni. Hajafika katikati ya jeraha, mlango ukapigwa teke. Hud, na gongo lake, damu za watu kifuani.

"Mama, ondoka hapo."

"Shikamoo leo huna?"

"Kamtoa jicho Asaad. Ondoka, nisije nikakuumiza."

"Utaniumiza wewe, niliyekuzaa? Jicho la Asaad watalisema wazee. Huyu kaingia kwangu."

Hud akampita, akainua gongo juu ya kichwa cha Aws. Ghalia akaunyakua mchi wa kinu, akampiga mwanawe mkono wa kulia, juu kidogo ya kiganja. Mfupa ulilia kama ukuni mkavu. Akapiga tena palepale.

Hud alianguka magoti, akatapika. Ghalia akamaliza kumshona mgeni kwanza, ndipo akamfunga mwanawe vibao.

"Umenikata riziki, mama. Maskati hawanitaki tena."

"Nimekukata kitanzi cha shingo."

Nje wenzake Hud walikuwa wamefika, wanagonga kwa magongo mlango tuliokwisha utia komeo, wanamtaka Aws. Ghalia akamwinua Hud kwa bega lililo zima.

"Wewe ndiye utakayemtoa. Wewe mbele, yeye nyuma yako. Wakitaka kupiga, wakupige wewe. Mfikishe Nizwa mpaka kwa mama yake, umkabidhi mkononi."