Fundi Asiyeamini Mashine

Fundi wa kompyuta wa hospitali haamini neno la mashine. Kila mashine ikiwashwa huuambia mfumo endeshi, programu inayogawa kazi zake, kumbukumbu ipi iko karibu na kichakataji kipi, maana ya mbali huchelewesha kazi, na kila kiwanda kina namna yake ya kusema. Yeye husoma, huguna, kisha hufungua kifuniko ajionee mwenyewe, akifuta mikono kwenye sketi kabla ya kugusa chochote. Juzi kompyuta mpya ya kutengeneza picha za ndani ya vichwa vya wagonjwa ilikuwa inajikokota, daktari akaja mlangoni akamkuta amekwisha kufungua kifuniko.

“Dada, picha haitoki. Na mgonjwa ni shangazi yako.”

“Najua. Hii inadai kumbukumbu zote ziko karibu na kila kichakataji kwa umbali ule ule. Uongo mtupu.”

Akafuta mikono iliyokwisha kukauka, akaifuta tena, ndipo akauandikia mfumo mpangilio wa kweli, hii ya huku, ile ya kule. Kazi zikaacha kuhangaika upande hadi upande. Picha ikatoka.

“Damu imevuja, lakini tumewahi,” daktari akasema. “Tunaingia naye chumba cha upasuaji.”

“Haya.”

Akarudisha kifuniko, akakaza skrubu zote bila haraka, kisha akaketi sakafuni, na kiti kiko pale pale nyuma yake.