Bomba iliyokuwa mu kichwa ya Maliro

Siku ya kwanza Kaswera alipoenda kwa Papa Maliro, alibeba sahani ya fufu na nyama, sababu alijua fundi wa mabomba wa serikali hasemi na tumbo tupu. Ilikuwa wakati wa vita. Bomba ya maji ya Butembo ilipasuka chini ya udongo, na malewa ya Kaswera, kibanda yake ya kuuzia chakula, ilikuwa karibu kufungwa kwa kukosa maji. Plan, ile karatasi ya kuonyesha njia ya mabomba? Basoda, maaskari wa vita, walishaiwasha kwa kupikia maharagi. Basi directeur mupya wa maji, mutu wa muhuri mukubwa, aliitisha salongo, kazi ya lazima bila malipo: kila posho, ndiyo jumamosi, quartier yote, mutaa muzima, inachimba pale kidole yake inaonyesha. Posho tano zilipita, wakapata viazi tu.

“Papa, bomba iko wapi?” Kaswera aliuliza.

Maliro, hana mushahara tangu vita ianze, alijigonga paji. “Iko humu. Directeur anataka nichore plan, kisha anifukuze. Mimi mujinga, Mama?”

“Usichore. Onyesha tu, na kila midi, saa sita, utakula kwangu.”

“Na nyama?”

“Dimanche, siku ya Mungu.”

“Hata maji inaweza kutoka dimanche tu.”

Kaswera alicheka, lakini alikubali nyama ya kila siku.

Kesho yake Maliro alichimba mahali pamoja, akafunga tundu na mupira. Maji ikarudi. Kaswera alipata maji, Maliro akapata chakula na akabaki na plan yake mu kichwa. Directeur aliita mashimo ya salongo mufereji ya mvua, akaifungua na hotuba. Quartier, yenye malengelenge mu mikono, ikamupigia makofi.