Bafu la Mama Mkwe

Mimi ni mtu wa kinyaa. Siwezi kula chakula nilichoona mtu akikionja kwa mwiko wa kupikia, na nikikuta kikombe kina alama ya midomo ya mwingine, naondoka mezani. Mke wangu husema ningezaliwa paka. Kwa hiyo mnielewe ninaposema kwamba bafu la nyuma ya nyumba yetu hapa mtaa wa Pioneer lilinishinda hata kulitazama.

Lilikuwa la chumba cha nje, kile cha mfanyakazi, na tangu tuhamie hakuna aliyekaa humo. Sakafu ilikuwa na utelezi wa kijani. Kuku wa jirani aliingia, akataga, akaatamia, akafia juu ya mayai yake, na hakuna aliyejua mpaka harufu ilipotuambia. Mimi nilifunga mlango nikamwachia Mungu.

Kisha mama mkwe akaugua. Alikuwa na uvimbe, mahali ambapo mimi kama mkwe sistahili hata kupataja. Dawa yake ya dripu ilipatikana hapa mjini Eldoret, na sasa alipangiwa aanze Jumatatu. Siku ya kwanza aliyopewa, kabla ya hiyo, hakuja. Sisi watu wa upande wa ziwa, mama mkwe halali chini ya paa la mkwe wake wa kiume, wala haogi anapooga yeye. Mke wangu alilia kwenye simu, akamweleza kwamba daktari amesema akikosa tena ugonjwa utakuwa umeshafika mbali.

"Afadhali ugonjwa unimalize nikiwa na heshima yangu," alisema mama yake. Simu ilikuwa kwenye spika. Nilisikia kila neno.

Alichokubali ni kulala chumba cha nje na kuogea huko huko, kwa hiyo ilibidi bafu lile liwe bafu. Fundi niliyemwita alichungulia, akaziba pua kwa kofia yake, akasema, "Boss, hii si kazi ya fundi, hii ni ya exhauster, ile lori ya kunyonya vyoo." Akawasha pikipiki akaenda zake.

Nilisugua Jumamosi nzima nikiwa nimejifunga shati usoni. Nilitapika mara mbili, na sioni aibu kusema. Lakini la kuku lilikuwa dogo. Kubwa lilikuwa paipu. Mfereji wa bafu lile, yaani bomba la kufungulia maji, uliwahi kuharibika, na kwa kuwa hapakuwa na koki ya kuzuia maji ya huko peke yake, mtu fulani aliung'oa, akachukua gunzi la mahindi, akalivika karatasi ya nailoni, akalisokomeza kwenye paipu, akakaza kwa mpira wa baiskeli. Nchi ya mahindi hii, watu hawakosi gunzi. Nilifunga koki kubwa iliyo chini ya tangi, nikalivuta. Lilitoka jeusi, laini, limeoza, linateleza vidoleni kama konokono. Ndiyo maji tuliyokuwa tukinywa, maana paipu ni ileile. Nililaani kizazi chote cha mtu yule.

Mama wa duka la vifaa vya ujenzi aliniuzia mfereji mpya na koki ndogo ya kuweka kabla yake. "Hii unaweka hapa," akaniambia, "mfereji ikiharibika unafunga hii tu, na nyumba inaendelea kupata maji. Fundi ako wapi?"

"Fundi ni mimi."

Akanitazama viatu, akanitazama mikono, akaniongezea tepu nyeupe ya bure. Dharau ile niliihisi mpaka nyumbani.

Jumapili mke wangu alienda stendi kumpokea mama yake. Mimi nilibaki nikifunga koki. Niliviringisha tepu nyingi, nikakaza kwa spana mpaka mishipa ikanitoka, nikaenda kufungua maji nikiwa najisifu. Niliporudi bafuni, maji yalikuwa yanaruka kutoka kwenye kiungo cha paipu na ile koki yangu. Nilikuwa nimeizungusha tepu kinyume, kwa hiyo kadiri nilivyokaza, ndivyo ilivyojifungua. Na kufunga koki mpya hakukusaidia kitu, maana maji yalikuwa yanatokea nyuma yake. Yalikuja na kutu na matope ya gunzi lile, yakaniingia mdomoni. Nilivua shati nikakaba nalo kiungo kwa mikono yote miwili. Suruali ilikuwa imelowa na kuning'ang'ania mwilini, na nilinuka kama mtaro.

Ndipo nikasikia lango. Mama mkwe alikuwa amepishana na mke wangu stendi, akaja kwa boda boda peke yake.

Kati yangu na koki ya tangi alikuwa amesimama yeye, na mkoba wake. Mwanamume haonekani na mama mkwe wake akiwa kifua wazi. Nilisukuma mlango kwa mguu nikajibanza nyuma yake, na maji yakaanza kupita chini ya mlango yakimwendea. Niliwaza kwamba sasa atageuka arudi kwao, na kosa litakuwa langu mpaka kaburini. Nilijichukia kuliko nilivyomchukia kuku.

"Mkwe," akaita. Tangu nimwoe bintiye hakuwahi kuniita moja kwa moja. Sauti ilionyesha kwamba amegeuka upande mwingine. "Hii maji inafungwa wapi?"

"Chini ya tangi, Mama."

Nilimsikia akiweka mkoba chini. Koki ile ni ngumu. Nilimsikia akiguna, akipumzika, akiguna tena, na mkono wake mmoja, wa upande wa uvimbe, haukuwa na nguvu. Maji yakakata.

"Nitakaa mbele ya nyumba," akasema, "mpaka umalize."

Hakurudi kwao. Nilivua tepu yote, nikaizungusha upya kuelekea upande wa kukazia, na mke wangu aliporudi mfereji ulikuwa unatoa maji safi na kiungo ni kikavu. Jumatatu mama mkwe alienda kupewa dawa.

Baada ya dripu ya pili, siku moja mama mkwe akiwa hospitali na mke wangu, niliona maji yamesimama kizingitini mwa bafu. Nilifunga koki ndogo, nikainua kifuniko cha tundu la sakafu. Zilikuwa nywele zake, zilizong'oka kwa ile dawa. Nywele nyeupe, nyingi, zimefungamana na sabuni. Sikwenda hata kutafuta glavu. Nilizitoa kwa vidole mpaka tundu likawa wazi, nikazifunga kwa gazeti nikazizika nyuma ya nyumba, kwa sababu kwetu nywele za mtu mzima hazitupwi ovyo. Nilitafuta kile kinyaa changu, sikukiona. Kila alipooga, nilingoja atoke, nikafanya hivyo tena.

Jioni moja nilikuwa jikoni nakunywa chai, nikamsikia huko nje akizungumza na bintiye.

"Hii bafu ni ya ajabu. Nywele yangu yote inaisha, na haijawahi kuziba."

Mke wangu alishaniona nikizika gazeti. Akamwambia ni ile koki niliyoweka, ndiyo inasukuma maji vizuri.