Sheria mpya ya ice hockey ya watoto Sydney: wazazi walivyomgeuzia kibao binti yangu

Wakuu, heshima kwenu wote.

Hasira hii nimeikalia muda mrefu, leo naitoa. Nitakayosema niliyaona kwa macho yangu, nimebadilisha majina tu.

Mimi ni dereva wa lori la makontena, bandari ya Port Botany. Naishi Merrylands, magharibi mwa Sydney, na mke wangu na binti yetu, nitamwita Neema. Sisi ni Warundi, mimi na mke wangu tumekulia kambi ya wakimbizi Kigoma.

Neema anacheza ice hockey.

Najua mnacheka. Hata kanisani waliniuliza, mtoto wa Kirundi na barafu wapi na wapi? Shule iliwapeleka kuteleza siku moja tu, akarudi hataki kusikia mchezo mwingine. Kwa wasioujua, ni magongo juu ya barafu, wanafukuzia kisahani cheusi kigumu kwa spidi ya kutisha.

Sasa kwenye mchezo huo kuna kitu kinaitwa body check. Unamvaa mwenzako kwa bega, kwa makusudi, mpaka ajibamize ukutani. Na ni halali.

Kabla ya ile lockdown ndefu ya 2021, Neema alivaliwa hivyo na mvulana wa timu pinzani, mkubwa wake kwa kila kitu. Alianguka, akabaki amelala pale. Hospitali wakasema concussion, yaani ubongo umetikisika.

Wakuu, msiombe. Kwa wiki kadhaa mtoto alikuwa hawezi kuvumilia taa. Alikuwa anaanza sentensi halafu anasahau alitaka kusema nini. Mama yake alikuwa anamkanda mgongo gizani huku analia kimyakimya.

Akapona, namshukuru Mungu. Ikaja lockdown, sisi wa magharibi tukabanwa kuliko wenzetu wa kule ufukweni (hilo nalo ni uzi wake). Neema akawa anafanya mazoezi kwenye garage kwa viatu vya magurudumu.

Tulipofunguliwa, ikaja email kutoka ligi. Umri wao, body check marufuku. Walieleza kwamba watoto wengi wameumia, klabu mbalimbali.

Mimi nikasema afadhali.

Kumbe kwenye group la WhatsApp la wazazi moto umeshawaka.

Aliyeongoza ni jamaa mmoja, nitamwita Baba Josh. Mwanae yuko timu moja na Neema. Na huyu si mtu baki kwetu. Siku ya kwanza tulipofika uwanjani hatujui hili wala lile, yeye ndiye aliyepiga magoti akamfunga Neema kamba za viatu.

Huyo huyo akaandika kwamba mchezo umeuawa kwa sababu ya msichana mmoja. Wengine wakadandia. Eti watoto watakuwa laini. Eti asiyeweza hockey aende netball. Mmoja akatuma picha ya mtoto aliyefungwa mito mwili mzima, watu wakacheka.

Mimi niliandika nikafuta, nikaandika nikafuta. Mke wangu hakufuta. Aliandika hivi:

"Huyo msichana mmoja anaitwa Neema. Simu hii ilikuwa mkononi mwake, amesoma yote."

Baadaye mtu mmoja akaandika "no offence", basi.

Mechi ya kwanza tukaenda. Mzazi mmoja kwa kila mtoto, barakoa, cheti cha chanjo mlangoni, na tangazo kubwa kwamba kupiga kelele hairuhusiwi. Baba Josh akapata njia ya kuzomea bila kufungua mdomo, akawa anapigapiga kioo cha uwanja kwa viganja kila Neema akipata kisahani.

Mara Josh akamvaa mtoto wa upande wa pili kwa bega. Refa, binti mdogo tu, akapuliza filimbi, akamtoa Josh kwenda kukaa kwenye kibanda cha adhabu. Timu yetu ikabaki pungufu.

Baba Josh akavua barakoa akaanza kumtukana yule refa. Sirudii maneno. Yule binti alikuwa anajifuta macho ndani ya helmeti.

Nikashindwa. Nikamfuata, nikamwambia amwache mtoto wa watu afanye kazi yake.

Akanigeukia, akasema, "You people came here and changed our game."

Nikavua barakoa yangu ili anisikie vizuri. Nikamwambia, "Mchezo huu mimi sikuujua, wewe ndiye uliyemvisha mwanangu viatu. Alipoanguka ulikuwepo. Mpaka leo hujaniuliza kichwa chake kinaendeleaje."

Alirudia tu kwamba mchezo umeharibiwa. Wazazi wote walikuwa wametugeukia, wengine wameinua simu wanarekodi. Nyuma yetu tulisikia magongo yakigongwa kwenye benchi, hakuna aliyegeuka kuangalia. Meneja akaja akatutoa nje wote wawili.

Baadaye uongozi wa klabu ukamfungia Baba Josh mechi kadhaa. Na mimi nikapewa onyo, eti nilivua barakoa. Sheria ya ligi haikubadilika.

Lakini kinachonisumbua mpaka leo ni cha siku ile ile, parking. Neema aliingia kwenye gari, akaweka begi miguuni, akatazama mbele.

Nikamuuliza kama ameumia.

"No. I scored, Dad. We were one down and I scored. Nobody saw it."

Kumbe yale magongo benchi yalikuwa ya kushangilia bao lake. Hakuna mzazi aliyeona, wakuu. Wale wanaojiita wapenzi wa mchezo, na mimi baba mzazi.

Nilichojifunza: wengi wanaopigania "mchezo" wanapigania kiti chao cha jukwaani. Mtoto aliyepo kwenye barafu hawamwoni kabisa.

Wenye watoto kwenye michezo ya kugongana, Penrith, Melbourne, hata huko Canada, nyie mnawakabili vipi wazazi wa aina hii? Na wewe unayeona nimelea mtoto laini, njoo, povu ruksa. Ila kwanza niulize hali yake.