Balozi na Nywele za Mama

Jirani yangu hapa Minto, Sydney, ameukata mgomba wake. Alisema unamzibia jua na haujawahi kumpa hata chane moja, basi Jumamosi asubuhi akaushika msumeno. Mimi nilikuwa nimetoka shifti ya usiku, najaribu kulala, nikaletewa dirishani ile harufu ya gogo la mgomba lililopasuliwa, harufu mbichi, baridi, yenye uchachu kidogo kama nguo iliyosahauliwa kwenye ndoo. Usingizi ukaniruka. Nikakaa kitandani na soksi zangu za kazini miguuni, nikamkumbuka mama akiwa ameinama kando ya bwawa, na mimi nikiwa ndani ya maji hadi kiunoni, nalia kwa sababu ya balozi.

Nitawaeleza. Ila msinicheke kabla ya wakati.

Nilikuwa na miaka kumi na moja, na tulikuwa ndiyo kwanza tumetoka kufungiwa. Kama mlikuwa Sydney miaka ile ya korona mnajua kwamba sisi wa Macquarie Fields tulibanwa kuliko wenzetu wa kule pwani. Helikopta ya polisi ilizunguka juu ya mapaa mpaka tukaizoea kama nzi. Shule ilikuwa ndani ya simu. Aliyetoka nyumbani ni mama peke yake, maana wazee aliowatunza kwenye kituo alikofanya kazi walihitaji kulishwa na kuoshwa, korona au hapana. Alirudi na alama ya barakoa usoni, akavua viatu mlangoni, akaoga kabla hajanigusa, kisha akakaa ukingoni mwa kitanda akiutazama ukuta.

“Mum, you okay?” nilimuuliza.

“Nimechoka tu, mwanangu.”

Hilo ndilo lilikuwa jibu la kila siku. Uchovu ule ulikuja kama mgeni wa kulala siku moja, ukahamia na masanduku yake.

Katikati ya kufungiwa huko, Koko alifariki. Koko ndilo jina tulilomwita bibi yangu, mzaa mama, aliyebaki Uvira, Kongo, sisi tulipokimbilia kambini na kisha kuletwa Australia, mimi nikiwa wa kubebwa mgongoni. Tulimzika kwa simu. Mama aliiegemeza kwenye birika, tukasimama jikoni na nguo zetu za kanisani, na mtandao ukakatika wakati jeneza linatolewa nje, picha ikaganda kwenye ndala za mtu tusiyemjua. Tuliziangalia ndala zile kwa muda mrefu sana. Hakuna aliyekuja kukaa na sisi, ilikuwa marufuku. Akina mama wa kanisani waliacha sufuria ya sombe, kisamvu cha kwetu, mlangoni wakatupungia mikono kutoka garini.

Kwetu msiba una mwanzo na una mwisho. Siku zikitimia, watu hukusanyika, hula, wafiwa hunyolewa, matanga yanaondolewa, na kuanzia hapo una ruhusa ya kucheka tena. Sasa matanga utayaondoaje bila watu? Mama alijifunga kitambaa cheusi kichwani siku ya ile simu, na hakukifungua tena mbele yangu. Alikivaa kazini, alikivaa kitandani. Mama yangu aliyekuwa akiimba hata akimenya vitunguu, akaacha kuimba. Niliogopa, niliogopa kweli, kwamba mama niliyemjua alikwenda na Koko, na huyu aliyebaki ni wa kwendea kazini tu.

Halafu kuna lile neno. Kwa Kiswahili chetu cha Uvira mchawi ni mulozi, na wakiwa wengi ni balozi. Koko alikuwa akinifundisha habari zao kila Jumapili kwa simu: “Usitupe nywele ovyo. Usitupe kucha. Balozi batazikamata, batakufunga. Nywele ni mutu.” Kwa hiyo kila niliposukwa nilipiga magoti kwenye zulia, nikaokota kila unywele, nikaupeleka chooni na kuvuta maji. Basi fikirini hali yangu siku Dada Upendo, Mtanzania wa Mbeya aliyetufundisha Sunday school kwa kompyuta, aliposema kwa uso wa furaha kwamba kila mmoja wetu ni balozi wa Kristo. Nilizima kamera. Hakuna aliyewahi kuniambia kwamba kwa Waswahili wengine balozi ni mtu wa heshima, mwenye bendera kwenye gari.

Ilipofika Novemba tukaruhusiwa kwenda mbali. Mama alikuwa na mwenzake kazini, Mthai aliyeitwa Noi, mdogo wa umbo na mwingi wa vicheko, aliyemwita mama “Pi”, yaani dada mkubwa. Noi alitualika hekaluni kwao, kwenye sikukuu yao ya Loi Krathong. Mwezi ukiwa mpevu, Wathai hutengeneza vyombo vidogo vya gogo la mgomba, wakatia maua, mshumaa na ubani, wakaviachia vielee majini. Humwomba mama wa maji msamaha kwa kumchafua mwaka mzima, na mikosi yao huiacha iende na chombo. Nilitegemea mama akatae, maana alikataa kila kitu. Akasema sawa, kwa sauti ya mtu asiye na nguvu za kusema hapana.

Dada Upendo ndiye aliyekuwa na gari. Alikuja kutuchukua akiwa amevaa gauni zuri na uso wa wasiwasi.

“Mama Furaha, mimi nawapeleka, ila haya mambo ya mungu wa maji, jamani! Mchungaji tutamwambia nini?”

“Umwambie tulikuwa bageni,” mama alisema. “Mugeni anakula na macho. Na miye nimechoka, dada. Hata shetani akinikuta leo, atanikuta nalala.”

Upendo alicheka mpaka akakanyaga breki mahali pasipo na taa za barabarani. Tukashika barabara kuu kuelekea Penrith, na mimi nikabandika pua kwenye kioo. Miezi mingi dunia yangu ilikuwa imeishia kwenye duka la mkate, sasa kumbe kulikuwa bado na ng’ombe, na milima ya buluu, na watu wanaokula barafu za sukari kituo cha mafuta kana kwamba hakuna lililotokea. Mama hakuviona. Kichwa chake kiligonga kioo taratibu kila gari liliporuka shimo.

“Halafu Noi anasema eti na balozi wao atakuwepo,” Upendo aliendelea. “Balozi wa Thailand, mwenyewe!”

Nilimtazama mama ili nisikie atasema nini juu ya habari nzito kama hiyo. Mama akajibu kwa kukoroma.

Hekalu lenyewe lilikuwa nyuma ya nyumba zenye viwanja vikubwa, na kwa jirani farasi walikuwa wanatutazama kupitia waya. Tulielekeza simu kwenye ile karatasi ya mlangoni ya kujiandikisha kwa ajili ya korona, tukaingia. Moshi wa samaki wa kuchoma ulichanganyika na ubani na mchaichai, na taa za karatasi zilitundikwa kwenye kamba kati ya mikalitusi, njano, nyekundu, waridi. Zile zinazorushwa angani, Noi alisema, hapa ni marufuku, zingechoma mlima mzima. Kando ya bwawa kulikuwa na meza ndefu, na mwanamume mmoja alikuwa anakata gogo la mgomba vipande vya mviringo.

Mama alisimama. Alichukua kipande kimoja akakinusa.

“Mugomba,” alisema. “Furaha, ona. Ni mugomba.”

Akaketi bila kukaribishwa. Vidole vyake vikaanza kukunja majani na kuyabana kwa pini haraka kuliko wenyeji, na Noi akamuuliza amejifunzia wapi. Mama akasema kwao walifungia kila kitu kwenye majani yale, chumvi, jibini, hata mtoto mvua ikinyesha. Utomvu ukamchafua mkono wa blauzi, doa lile halitoki, naye hakujali. Ilikuwa mara ya kwanza kwa muda mrefu kuona mikono yake ikifanya kitu kisicho cha mshahara.

Mimi nilikuwa na kazi nyingine, nilikuwa namtafuta balozi. Sikumtafuta sana. Alikuwa amevaa suti nyeupe kuanzia shingoni hadi viatuni, kitu cheusi kinamning’inia kifuani, na watu walimwinamia na kuunganisha viganja. Alitembea ukingoni mwa maji akiinama juu ya kila chombo, akichungulia ndani. Nikasema moyoni, Koko, ndiye huyu.

Giza lilipoanza kuingia Noi alitoa mkasi. Akakata ncha ya nywele zake na kipande cha ukucha, akavitia ndani ya chombo chake.

“Everything bad, go,” alisema, akampa mama mkasi.

Mama aliushika kwa muda. Kisha, mbele ya watu wote wale, akakifungua kitambaa cheusi. Nywele zake zilikuwa zimeshikana, na pale mbele zilikuwa na mvi ambazo sikuwahi kuzijua. Hakukata ncha. Alikamata fungu zima juu ya sikio akalikata karibu na ngozi, akalilaza chini ya maua, akawasha mshumaa, akakiweka chombo juu ya maji na kukisukuma. Hapo yule mtu wa suti nyeupe akapiga goti, akainua kile kitu chake cheusi, akakielekeza kwenye nywele za mama.

Sikumbuki kuamua. Nakumbuka baridi, na tope lililonivua kiatu kimoja. Nakumbuka nikipiga kelele “Balozi! Balozi!” mimi ambaye Kiswahili nilikisikia tu na kukijibu kwa Kiingereza. Nilikikamata chombo, mshumaa ukazima kwa kulia kidogo, ubani ukaniunguza kidole, nikazitoa zile nywele nikazikumbatia kifuani.

“Yuko wapi?” Dada Upendo aliniuliza kutoka ukingoni, akijinyoosha gauni. “Kaja na gari gani?”

Yule mtu akaninyooshea mkono anitoe majini. Nikalia zaidi. Noi naye alikuwa anacheka mpaka ameshika magoti, akasema kijijini kwao watoto kila mwaka huzamia vyombo kuiba sarafu, je, mimi nimepata ngapi?

Mama aliingia majini na viatu vyake.

“Furaha. Unafanya nini mu mayi?”

“They’ll get you,” nilisema. “Koko said. Nywele ni mutu. Na balozi yule pale, anachukua.”

Akamtazama yule mtu. Akazitazama nywele ndani ya ngumi yangu. Alikuwa na uso wa mtu aliyeamshwa.

“Balozi wa hapa Sydney? Batatoa wapi saa ya kuloga? Huku kila mutu iko na shift.”

Dada Upendo aliketi kwenye majani kwa kicheko. Mama hakucheka. Mdomo ulijaribu, ukashindwa. Alizichukua zile nywele, akazikamua maji, akazitia mfukoni.

“Haya,” alisema. “Turudi nazo.”

Njia nzima nilinuka tope, na Dada Upendo alinieleza kazi za ubalozi mpaka tukafika nyumbani. Yule mtu, Noi alisema baadaye, alikuwa mpiga picha za harusi. Balozi hakuja. Mimi nilikuwa kwenye kiti cha nyuma na soksi moja, nina hakika kwamba nimeharibu kitu, kwa sababu mama alikuwa macho safari hiyo, mkono wake mfukoni juu ya zile nywele.

Asubuhi aliniita nyuma ya nyumba. Alikuwa ameketi kwenye kigoda, taulo mabegani, kichwa wazi, na miguuni pake kulikuwa na beseni la maji, sabuni, mkasi na wembe. Lile fungu la jana lilikuwa ndani ya beseni.

“Uninyoe,” alisema.

“Mum, I can’t. Sijui.”

“Nitakuonyesha. Polepole.”

Nilimnyoa. Nilianza na mkasi, kisha wembe, naye akinielekeza bila kugeuka: hapa, rudi, usikandamize. Nilimkata nyuma ya sikio, akasema si kitu. Kichwa chake kilitokea kidogo kidogo, kidogo kuliko nilivyodhani, na katikati ya kazi ile mabega yake yakaanza kutikisika. Nikasimamisha wembe. Akasema, “Endelea, mwanangu, usiache,” na sauti yake ilikuwa imejaa machozi, basi nikaendelea. Tulizifukia nywele kando ya uzio. Mama akaingia ndani, akalala mpaka jioni, na alipoamka akadai chai.

Siwadanganyi kwamba aliamka akiimba. Aliendelea kuchoka, na bado anachoka. Lakini kitambaa cheusi hakukivaa tena, na wimbo ulirudi wenyewe, siku moja tu ya kawaida, kwenye vitunguu.

Kwa miaka mingi nilidhani asubuhi ile ilikuwa adhabu yangu kwa kuingia bwawani. Ndipo nikiwa mtu mzima nikahudhuria matanga ya mzee mmoja wa kwetu hapa Minto, matanga yenye watu, na nikamuuliza mama mmoja mbona mjane amekaa tu na wembe uko mezani. Akanishangaa. Akasema mtu hajinyoi matanga mwenyewe, hata awe na mikono kumi. Lazima anyolewe na mtu wa ukoo, na mjane alikuwa anamngojea shemeji yake kutoka Melbourne.

Niliacha sahani yangu nikatoka nje. Mama yangu alikuwa amewangoja watu wake mwezi baada ya mwezi, katika bara zima asiwe na hata mmoja, mpaka akachoka kungoja, akaenda kwenye maji ya watu wengine kujikata nywele mwenyewe. Alikuwa amewahesabu ndugu zake wote, wa Uvira na wa kambini, walio hai na waliozikwa kwa simu. Mimi niliyesimama ubavuni pake hakunihesabu, mpaka nilipoingia majini.