Kotlin Haijui Ejo

Kasulu nzima, waandishi wa programu za simu ungewapakia kwenye bodaboda moja na nafasi ikabaki. Theodosia Nduwayezu alikuwa mmoja wao, tena wa mbele. Vichwa vya ukoo wa akina Nduwayezu havilali, hata majirani wakikataa.

Miaka miwili alikuwa ameshikana na Kotlin, lugha changa ya kuandikia programu hizo. Aliisifu kama mchumba mpya: ina maneno machache, haina mchezo. Ukiacha mahali patupu bila kuiambia, inakugomea papo hapo, kabla hujamwaibisha mtu. Ila kama wachumba wengi, ililemea. Akibadili neno moja tu, kompyuta yake kuukuu ilihema dakika ishirini ikiipika programu upya.

Programu yake iliwakumbusha akina mama siku ya chanjo. Zahanati moja upande wa Kibondo ilikubali kuijaribu. Ikifaulu, ingeenea kata nzima. Ujumbe ulikwenda kwa Kiha, lugha ya huko, mfupi kabisa: "Kliniki ejo." Akina mama kumi na wanane waliupata. Walikuja wawili.

Theodosia akapanda basi. Zahanati alimkuta nesi Ghati, mtu wa Tarime, na Mpawenimana, mmoja wa akina mama ambao hawakuja, amempakata mtoto.

"Mama, ujumbe haukufika?" Theodosia akamuuliza.

"Ulifika, mwana wanje, mwanangu. Nikasoma ejo, nikajua imeshapita. Nikaogopa nesi atanifokea."

"Ningekufokea kweli," Ghati akasema. "Kwani ejo si kesho?"

"Ni kesho. Na jana pia ni ejo," Mpawenimana akajibu.

Ghati alimgeukia Theodosia. "Mimi Mkurya ningekosea, sawa. Wewe si lugha ya kwenu hii?"

Mtu akisema, kitenzi ndicho kinachoonyesha ejo ipi. Theodosia, kwa kuzoea kubana maneno, alikikata. Kotlin ilikagua, ikakuta neno limo, ikaridhika.

Hakuona aibu wala hasira. Kifua kilikuwa kama mguu uliokaliwa hadi ukafa ganzi. Aliandika "Jumatano", siku ya kliniki ijayo, badala ya ejo, akabonyeza. Kompyuta ikaanza kuhema.

"Muda gani?" Ghati akauliza.

"Dakika ishirini, dada."

Ghati alisubiri tano. "Mama, pita nyumba kwa nyumba. Waambie Jumatano, kwa mdomo." Mpawenimana akamfunga mtoto mgongoni, akatoka. "Na hiyo programu yako, mdogo wangu, rudi nayo Kasulu."

Ilipomaliza, kompyuta iliandika kwamba hakuna kosa hata moja. Theodosia akasoma mara mbili, akaifunga, akaulizia basi.